Umeliwa, Mzee

Pikipiki yangu niliinunua kwa mgongo wangu mwenyewe, kwa kukwangua chumvi Gongoni, wakati wenzangu wakicheka kwamba mtu asiyejua kuandika jina lake ataendeshaje chombo cha moto. Nikakiendesha. Nimezeeka nacho. Vijana wa bodaboda huniuliza, "Babu, hiyo ni pikipiki au cherehani?" Za kwao zinakufa, yangu inapita.

Lakini taa yake ilikuwa aibu, hilo nalisema. Ilichukua moto moja kwa moja kutoka kwenye injini: ukikaza mafuta inawaka, ukipunguza inafifia kama koroboi. Jioni moja natoka Malindi, mke wangu yuko nyuma, nikapunguza mwendo kukwepa shimo, taa ikazimika. Lori la chumvi lililokuja mbele yetu halikutuona. Tukaishia vichakani. Tulichubuka tu. Mke wangu akajipangusa mchanga, akasema, "Mimi na hiki chombo chako, basi. Siku nitakayokuona toka mbali kama ninavyoona magari ya watu, hapo nitapanda."

Tangu hapo akawa anakwenda sokoni kwa bodaboda, amekaa nyuma ya kijana, nami namwangalia. Watu wakiuliza, nasema mgongo unamuuma.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa umeme wa pikipiki, Shella ya Malindi. Mtu wa bara. Shikamoo hakunipa, kichwa hakuinua. "Mzee, hiyo leta hapa kivulini," akasema, kama anaita mbuzi. Nikajua hapa ni kukaa macho. Pikipiki za zamani zina wapenzi wake. Wazungu wamenisimamisha mara nyingi kuitaka, na taa yangu ya mbele ni chuma kizito, si plastiki za siku hizi. Kabla sijatoka nyumbani nilikuwa nimeikwaruza alama kwa msumari, ndani ya ukingo. Nikavuta kiti karibu naye, hata akipiga chafya inirukie.

Akasema atang'oa nyaya zote, atie mpya, na betri ya kulisha taa, na taa ya breki ambayo sikuwahi kuwa nayo.

"Na hizo za zamani utazipeleka wapi?"

"Nitatupa."

Nikafungua gunia nililokuja nalo. "Tupa humu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Shaba inauzwa.

Akatoa tangi, akashika waya mnene uliopita chini yake, akaukata kwa koleo. Akautazama. Kisha akanigeukia akitabasamu, naapa alitabasamu, akasema, "Aisee. Umeliwa, mzee."

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Mtu mzima haambiwi hivyo kwetu. "Nimeliwa na nani? Kazi hujafanya, ushanila? Na bado unanicheka machoni!"

Mama wa viazi karai ng'ambo ya njia akaacha kukoroga. Fundi akaniinulia ule waya. "Mzee, si wewe. Waya. Waya ndio umeliwa."

"Umeliwa na nini, panya?"

Akauvua ganda lake la mpira. Ndani shaba haikuwamo. Ulikuwamo unga wa kijani, ukanimwagikia kiganjani.

"Chumvi," akasema.

Chumvi! Aniambie mimi, ambaye imenila visigino ujana wangu wote. Nikauonja ule unga kwa ncha ya ulimi, kuhakikisha. Mchungu, nikatema.

Akanionyesha mbele kidogo, pale waya ulipokuwa ukigusa tangi. Ganda lilikuwa limeyeyuka, na tangi lenyewe lilikuwa na doa jeusi la kuungua. "Hapa ungewaka," akasema. Halafu akaongeza haraka: "Na safari hii, mzee, nasema wewe."

Mama wa viazi akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Mimi nikaokota kiti changu, nikakaa.

Sikuacha kuuliza. "Hii ya nini?"

"Fyuzi. Waya ukigusa chuma, hii inakatika kwanza, moto haufiki kwenye tangi. Na nyingine nimekuwekea hapa kando."

"Kwa nini nyingine? Unajua itakatika?"

"Mzee, wewe ungekuwa polisi."

Alipoingia ndani na taa kuifanyia kazi ya kuchomelea, nami nikaingia. Alipoirudisha mahali pake, nikapitisha kidole gumba ukingoni. Alama ilikuwapo. Nikapitisha tena.

Nilifika nyumbani jua likizama, nikamwita mke wangu. Akatoka, akatazama taa, hakutazama uso wangu. "Nenda mpaka kwenye kona," akasema. "Urudi polepole. Polepole sana, mwendo uleule inapozimika."

Nikaenda, nikarudi nimeachia mafuta kabisa, injini ikikohoa. Taa haikutikisika. Nikamwona amejikinga macho kwa mkono.

"Zima, unanipofua!"

"Umeniona?"

"Tangu kwenye kona. Nani kakutengenezea?"

"Mtu mmoja wa bara."

"Ulimshukuru?"

"Naangalia kwanza kama itadumu."

Akazunguka nyuma. "Bonyeza breki." Nikabonyeza. "Achia. Bonyeza tena." Nikabonyeza. Akainama akaishika ile taa nyekundu, akaitikisa kama anajaribu jino la mtoto. Kisha akakusanya leso yake, akapanda.

Nilipitia makusudi pale wanapokaa vijana wa bodaboda. Polepole sana.