Mfuko wa Bluu na Mfuko wa Njano

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kitengela, nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Mkuu wa maabara, mama mmoja aliyeongea polepole kama mtu anayehesabu matone ya dawa, akaniangalia miguu, akacheka, akanitafutia gambuti za mtu aliyeacha kazi. Kisha akaniketisha mbele ya darubini na vioo viwili vya damu.

"Moja ni ya mtu, ingine ni ya ng'ombe. Niambie ni gani ya nani."

Nilichungulia mpaka jicho likatoa machozi. Kote niliona vichembe vya mviringo, vyekundu, vimesongamana. Nikabahatisha, nikakosa. Akanieleza kwamba chembe za ng'ombe ni ndogo kidogo tu kuliko zetu. Mimi ni Mkamba wa Makueni, nimechunga ng'ombe tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ndani tunakaribiana hivyo. Nimestaafu sasa, na mshangao wa siku ile haujaniisha.

Kazi yetu ilikuwa kujaribu dawa na virutubisho. Kirutubisho hakitibu ugonjwa. Kinarudisha kile mwili unachokosa, kama madini ya chuma kwa mama mjamzito, au fosfori kwa ng'ombe ambaye ameanza kutafuna mifupa malishoni. Miaka ya kwanza nilikuwa upande wa watu, katika kliniki moja ya Kajiado, chini ya Muuguzi Msimamizi ambaye hakupenda utani kabla ya saa nne. Yeye ndiye aliyenifundisha kundi la kulinganishia, yaani wale wanaopewa kitu cha kawaida ili tujue kama kile kipya kina tofauti yoyote. Alinifundisha pia kupima kwa upofu: anayepima hajui nani amepewa nini. Ukijua jibu unalolitaka, jicho lako linakusaidia kuliona.

Baadaye nilihamishiwa upande wa mifugo, kwa Mtafiti Mkuu, bwana mrefu aliyepiga pasi koti lake jeupe hata siku za kwenda kwenye tope.

"Hapa hatuamini mtu, Kalondu," aliniambia. "Hata mimi usiniamini. Amini karatasi."

Jaribio langu kubwa lilikuwa katika boma moja ng'ambo ya Kiserian, ukiteremka kuelekea Magadi. Tulikuwa na mifuko ya aina mbili, ya bluu na ya njano. Mmoja ulikuwa na madini, mwingine chumvi tupu, na yote miwili tulichanganya na magadi ili ladha isitofautiane. Kila ng'ombe alivaa hereni ya sikio ya rangi ya mfuko wake, kwa kura. Siri ya mfuko upi una madini ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati la Mtafiti Mkuu. Mimi nilipima maziwa, nikapima vifua kwa utepe kukadiria uzito, na nikaandika.

Kosa nililifanya siku ya kura. Boma lile lilikuwa la wake wenza wawili, na kwa Wamaasai kila mke ana ng'ombe wa nyumba yake, anaowakama yeye na kuwanywesha watoto wake maziwa yao. Mkubwa aliitwa Koko Nolari. Koko ni nyanya, na tayari alikuwa na wajukuu. Mdogo aliitwa Nashipae, na alikuwa na mtoto mchanga ambaye hakuwa akinenepa. Kura yangu iliangukia vibaya: karibu ng'ombe wote wa Koko walipata bluu, na karibu wote wa Nashipae wakapata njano. Ningeuliza ng'ombe ni wa nyumba gani, lakini fomu haikuwa na nafasi hiyo, nami niliamini karatasi.

Ulipobaki mwezi mmoja, nilifika asubuhi ambayo sikutarajiwa. Nikamkuta Koko anachota kutoka mfuko wa bluu na kumimina kwenye hori la ng'ombe wa Nashipae.

"Takwenya, Koko," nilisalimu.

"Iko," aliitikia salamu. Hata hakushtuka. "Mbona umekuja mapema?"

"Koko, hao ni wa njano!"

"Najua. Lakini ya bluu ndio iko na dawa. Tulijua siku ya tisa, ngozi ya ng'ombe zangu ikaanza kung'aa. Sasa mimi nikunywe maziwa mzuri, na mtoto ya mwenzangu analia hapo tu? Hiyo haiwezekani."

Niliogopa, nisiwadanganye. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha pamoja na jaribio lile. Likiharibika, sina kazi, na binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Aliyeona ni mimi peke yangu. Ningejaza fomu za mwezi wa mwisho na hakuna ambaye angejua. Siku tatu nilienda kazini nimefunga mdomo. Siku ya nne niliingia ofisini nikasema yote.

Mtafiti Mkuu hakupaza sauti. Alichukua bahasha, akaniambia niingie kwenye gari.

Kule bomani alimuuliza Koko alikuwa amegawa kiasi gani, na kwa nani. Nikatoa daftari. Wamaasai hawapendi kuhesabu ng'ombe hadharani, na Koko hakutaja idadi hata moja. Alianza tu kuwaita kwa rangi na pembe: yule mwekundu wa tumbo jeupe alipewa tangu mwezi ulipoandama mara ya kwanza, yule wa pembe iliyopinda aliachwa siku za homa yake, yule wa madoa alikataa mpaka wiki ya mvua. Nilifuata kwenye daftari kwa kidole. Kila mahali aliposema ng'ombe alianza kupewa, maziwa yalikuwa yameongezeka siku chache baadaye. Hakukosea hata mmoja.

Mtafiti Mkuu akafungua bahasha. Madini yalikuwa kwenye mfuko wa bluu.

Aliketi juu ya kigoda alichopewa, koti lake likiburuta vumbini. "Huyu mama ni maabara nzima," alisema. "Lakini siwezi kuchapisha kichwa chake, Kalondu. Jaribio limekufa."

Nami mkataba wangu ukafa. Nilikaa karibu mwaka mzima nikiuza mboga za sukuma wiki Kitengela. Kisha Mtafiti Mkuu akanipigia simu. Alikuwa amepanga jaribio jipya: boma zima ni kitu kimoja, mfuko mmoja kwa nyumba zote, na kila boma litapata madini kwa zamu yake. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika nyumba. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na madini yale yalionekana kufaa, kwa ng'ombe na kwa watoto wanaokunywa maziwa yao. Ripoti ilipigwa chapa vizuri, ikapelekwa maofisini Nairobi.

Nilipokuwa nyumbani bila saa ya kukimbilia, nilianza kuhesabu miaka niliyochukua damu za watu na mifugo, na jambo moja likaniaibisha. Hakuna boma hata moja tuliloliambia tulichopata. Nikapanda bodaboda na ripoti moja mfukoni.

Koko anatembea kwa fimbo siku hizi. Nashipae alinipa chai. Niliwasomea ukurasa kwa ukurasa, nikitafsiri, jasho likinitoka kama siku ya mtihani. Koko alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya dawa tulijua kitambo," alisema. "Kitu hatukujua ni kama nyinyi watu huwa mnarudi."