Wapigaji Kila Mahali, Mrushaji Hakuna

Mpaka leo nikipita Bungoma mjini naangalia chini, maana kuna watu pale hawajui jina langu lakini wananijua vizuri sana kama yule kocha wa Kitale aliyemgonga mzee wa watu na mpira. Chekeni tu, nimeshazoea.

Ilianza siku ya kuchagua wachezaji wa besiboli. Makocha tulikuwa wawili, mimi na Mama Nekesa wa Bungoma, vijana wakapangwa mstari tukachagua kwa zamu. Mimi kila zamu nikachukua mpigaji, tena yule mdogo mdogo mwenye mabega, akigonga mpira unapotelea kwa mahindi (nilijiambia hawa wakikomaa, bana, nani atatuweza?). Mama Nekesa yeye alichukua warushaji, wale wa kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, vijana wembamba tu, nami nikamcheka.

"Sasa kocha, nani atakurushia?" akaniuliza.

"Si kurusha ni mkono tu, Mama? Nani hana mkono?"

Mungu anisamehe.

Uwanja wetu Kitale ni shamba la Mzee Kiptoo, na alikuwa ametuambia wazi kwamba atakuja kuangalia mechi yetu ya kwanza kule Bungoma, akiona ni mchezo wa maana atatuachia, akiona ni upuzi analima mahindi. Kwa hivyo Jumamosi hiyo Mzee alikaa kando ya uwanja na koti lake la kanisani.

Vijana wangu wakapiga kwanza, wacha wee! Alama sita. Halafu ikafika zamu yetu ya kurusha. Wa kwanza akarusha juu ya vichwa, wa pili akarusha chini kwa nyasi, wa tatu akajifanya ati bega linauma. Hapo ndipo nikavua koti nikasema nitarusha mwenyewe, na kwa sababu ilikuwa ya kirafiki, refa akakubali.

Sasa, ukirusha vibaya mara nne, mpigaji anaenda kituo cha kwanza bure, anayemfuata anamsukuma mbele, na akimaliza vituo vyote ni alama. Basi watoto wa Mama Nekesa wakaanza kutembea, mmoja, wawili, watano, wanazunguka uwanja kama watu wa kwenda sokoni, mpaka wakafika alama nane na hakuna aliyepiga mpira hata mmoja. Watu wananipigia makofi kila nikikosea! Nikakasirika, nikakusanya nguvu zote, nikarusha, mpira ukaniponyoka ukaenda moja kwa moja kwa paja la Mzee Kiptoo.

Nikapiga magoti (sijui hata kwa nini), nikajua shamba limeenda.

Mama Nekesa akaingia. "Wewe, wanangu walikuja kucheza, si kutembea." Akamwita Nafula, mrushaji wake hodari kuliko wote. "Vaa tisheti ya Kitale, mama. Warushie wenzako, na usiwahurumie."

Aki nilitaka kulia. Nafula aliturushia mpaka mwisho, na sasa ikawa mechi kweli, tukashindwa kwa alama moja tu na watu wote wamesimama.

Mzee akanijia akichechemea. "Shamba kaeni nalo," akasema. "Lakini nikikuona tena umeshika mpira, nalima siku hiyo hiyo."

Mama Nekesa, asante, asante tena. Siku hizi nachagua warushaji kwanza, na Nafula huja Kitale kuwafundisha. Mimi kazi yangu ni kubeba gunia la mipira, tena likiwa limefungwa.