Wivu wa Mwenye Ploti

Gerishon Muigai alijenga nyumba za kupangisha akiwa na miaka hamsini na minane, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anamwonea wivu mpangaji wake. Wivu wa kweli, ule wa kumnyima mtu hamu ya chai. Hakuuonea aibu kwa sababu hakuwahi kuuita wivu. Yeye aliuita nidhamu.

Miaka thelathini alikuwa mpiga chapa River Road, katikati ya Nairobi, mtu wa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Alipostaafu mwaka wa 2005, kiinua mgongo chote kikaingia kwenye mawe na saruji huko mtaa wa Satellite. Zikatoka nyumba sita zinazotazamana, ua katikati, tangi la maji juu ya mnara wa vyuma. Yeye na mkewe Njambi wakachukua namba moja, karibu na lango, ili kila anayeingia amkute mwenyewe kwanza. Watu walimwonya asikae ua mmoja na wapangaji. Alitia masikio pamba. Alitaka kuitwa mwenyewe, na aitwe mbele ya watu.

Ndipo akaja Shem, fundi wa bomba kutoka Vihiga, akapanga namba nne. Mtu mpole, sauti nzito ya kwaya, na mfuko wa spana usioisha. Wiki ya kwanza alitengeneza mfereji wa uani uliokuwa ukidondoka, na hakuna aliyemtuma. Wiki ya pili akazibua mtaro. Kufika mwezi wa tatu, kufuli ikikataa, Shem. Taa ikizima, Shem. Mama wa namba mbili alipokosana na wa namba tatu juu ya kamba ya nguo, Shem aliketi katikati yao wakaishia kucheka wote watatu. Gerishon alikuwa nyuma ya pazia, akisikia kila kicheko kana kwamba ameibiwa yeye.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa lango. Mgeni akibisha na kuuliza, "Mwenyewe yuko?" wapangaji walimwelekeza namba nne. Siku moja hata Njambi alimpita mlangoni, sufuria iliyovunjika mkono i kwapani. "Acha nimpelekee Shem," akasema. Mkewe wa miaka thelathini na mmoja! Gerishon alimnyang'anya ile sufuria akaitengeneza mwenyewe. Haikupika tena.

Basi akaenda River Road kwa wenzake wa zamani, akarudi na karatasi sita, moja kwa kila mlango. Sheria kumi na mbili, zimezungushiwa maua kama kadi ya harusi. Ya saba aliitunga kwa siku mbili nzima: *Mpangaji haruhusiwi kugusa bomba, mfereji, taa wala kufuli bila idhini ya maandishi ya Mwenye Ploti.* Jina la Shem hakuliandika, hapakuwa na haja. Maneno Mwenye Ploti aliyawekea herufi nene kuliko kichwa cha karatasi.

Shem aliisoma yake taratibu, amevua kofia. "Imepigwa chapa vizuri sana, mzee," akasema, akaingia ndani. Hata sifa hiyo ilimuuma Gerishon, maana ilitoka kwa roho safi.

Jumamosi ya pili, saa nne asubuhi, Joyline wa namba sita, msichana wa ofisini, alitoka mbio mikono imelowa.

"Shem! Bomba ya jikoni inamwaga maji!"

Shem alikuwa kwenye kigoda anapiga viatu rangi. Akainua macho. "Si ulisoma ile karatasi? Namba saba. Ita mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa ameshasikia. Neno hilo lilimwingia vizuri mpaka akatoka na spana mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Ua mzima ukamfuata. Akapiga magoti chini ya sinki la Joyline, akashika nati, akakaza. Yaani, alidhani anakaza. Bomba likakatika mkononi mwake na maji yakaruka mpaka darini, yakashuka juu ya godoro na vitabu vya masomo ya jioni vya yule binti.

"Fungeni kule yanakotoka!"

"Ni wapi, mzee?" wakamuuliza.

Gerishon akageuka huku na huku. Kila jiwe la ploti ile alijua lilishushwa siku gani, lakini koki kubwa ya kufungia maji ilifukiwa wapi hakuwahi kuuliza.

"Shem!" akapaza sauti. "Njoo ufunge!"

Shem alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Niandikie, mzee."

"Niandike nini na nyumba inajaa!"

"Wewe ndio ulisema maandishi. Nikigusa bila, kesho utanifukuza."

Mtu akabandua karatasi mlangoni, mwingine akaleta kalamu. Gerishon akaanza kuandika nyuma yake, kwa mwandiko wake mzuri: *Mimi, Gerishon Muigai, Mwenye Ploti...* Wino ukachuruzika. Akataka kuanza upya.

"Baba Macharia!" Njambi akamfokea mumewe mbele ya watu wote. "Andika tu *ndiyo* umalize!"

Akaandika *ndiyo*. Shem hakuisoma. Alikwenda nyuma ya namba moja, chini ya dirisha la chumba alimolala Gerishon, akainua kipande cha bati, akazungusha koki. Maji yakanyamaza.

Joyline alihama Jumatano. Hakuleta ugomvi. Alimwambia Gerishon asante baba, kisha chungu chake cha maua akamwachia Shem. Wenye kijicho wataelewa kwamba ni hicho chungu kilichomnyima Gerishon usingizi.

Jumamosi wakaja Lenox na mkewe Caren, maarusi wapya, kuangalia namba sita. Walimkuta Shem juu ya ngazi anafunga bomba jipya la tangi.

"Niaje, mwenyewe," Lenox akamsalimia. "Tumesikia kuna nyumba."

"Mimi napanga tu," Shem akacheka, akaelekeza kwa spana. "Mwenyewe ni huyo mzee."

Gerishon alikuwa amelingoja neno hilo miezi yote, na sasa alipewa na Shem, bure, kutoka juu ya ngazi. Akajikaza, akawatembeza sebule, chumba na jikoni. Caren akafungua mfereji, akayatazama maji, akafunga.

"Nyumba ni poa, baba. Lakini hii maji ikisumbua, tunaita nani?"

Gerishon akatazama nje. Njambi alikuwa ameshikilia ngazi chini, Shem anateremka, na wawili hao walikuwa wanacheka. Wivu ukamkaba palepale. Angeweza kusema mimi. Caren alikuwa anangoja, na ukutani nyuma yake alama ya maji ilikuwa haijakauka.

"Namba nne," akasema. "Mtaita Shem."