Andongwisye na Baiskeli ya Pembe za Kondoo

Mtu akistaafu uwakala wa forodha pale Tunduma, akili ikiwa imemkaa sawa, hununua ng'ombe. Andongwisye alinunua baiskeli. Na si baiskeli ya kubebea gunia la mpunga, maana hiyo ningemwelewa. Alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akaichukua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao: kitu chembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, hakina keria, hakina madigadi. Akashuka nacho huku bondeni Momba, kwenye nyumba aliyoijenga enzi za kazi, akatutangazia kwamba amegundua njia.

Amegundua! Njia yenyewe ni tuta la mfereji wetu wa kumwagilia mpunga. Linaanzia mtoni, linanyooka katikati ya mashamba hadi kwenye gulio, tambarare tupu, changarawe imeshindiliwa na matrekta, mfereji upande mmoja na majaruba upande wa pili. Sisi tunalipita tangu mfereji ulipochimbwa. Mimi Yonasi nina kibanda changu cha ufundi baiskeli hapohapo tutani, kwenye geti la maji, na watu ninaowazibia pancha wana mikungu ya ndizi na madumu nyuma yao. Hakuna hata mmoja anayetembeza miguu tu.

"Fundi, hii ni rasilimali," aliniambia siku ya kwanza, amevaa kaptura ya kubana hadi nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wake. "Huko Ulaya watu wanapanda ndege kufuata njia kama hii. Changarawe safi, maji pembeni, hakuna malori. Nyie mmeikalia tu."

"Hatujaikalia, mzee. Tunaipita."

Hakunisikia. Alikuwa anajipiga picha na mfereji.

Basi kila asubuhi akawa anafanya mazoezi, anakwenda na kurudi, kengele inalia njia nzima. Alisema anaandaa safari za wageni, na safari hizo zina jina refu la Kizungu ambalo sijalishika wala sina haja nalo. Kama angeishia hapo ningecheka na kuendelea na kazi zangu. Kichaa cha mtu mzima mwenye pensheni hakimuumizi jirani. Lakini kulikuwa na Gwalugano.

Gwalugano ni mke wa Lusajo, mtoto wa Andongwisye, dereva wa malori ya Zambia ambaye salamu zake hufika nyumbani mara nyingi kuliko fedha zake. Mama wa watu analisha watoto kwa samaki. Alfajiri anachukua kambare na perege kwa wavuvi wa mtoni, anawapakia kwenye tenga juu ya baiskeli yake nzito ya Kichina, anakanyaga tutani hadi kwenye gulio. Hana barafu. Barafu yake ni mwendo: akifika jua likiwa bado changa, anauza, akichelewa, anawapa paka.

Sasa, watu hawa ni Wandali wa Ileje, na kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mwanamke hamtazami mkwewe, hasemi naye, halitaji jina lake, na akikutana naye njiani anashuka pembeni, anampa mgongo na kujifunika kanga kichwani mpaka apite. Mimi Mnyamwanga sicheki mwiko wa mtu, nina ya kwetu ya kutosha. Lakini mwiko ule una miguu miwili. Baba yake Andongwisye, marehemu, nilimwona kwa macho yangu: akimwona mkwe anakuja na ndoo kichwani, yeye ndiye aliyekohoa kwa mbali na kuingia kichakani, mzee mzima na fimbo yake, asimtaabishe mtoto wa watu. Andongwisye alirithi mguu mmoja tu, ule wa kukanyagia wenzake.

Saa ya mazoezi yake ndiyo ilikuwa saa ya samaki. Kengele ikilia, Gwalugano anashuka, anaiteremsha baiskeli na tenga lake hadi jarubani, anasimama kwenye tope la magotini, mgongo umegeuka, jua linawachoma samaki. Mzee anapita kama upepo, hapunguzi mwendo, shingo imenyooka. Kisha mwanamke anaanza kuusukuma mzigo kupanda tuta. Hajafika mbali, mzee amegeuza, kengele hiyo. Mara ngapi nimeacha spana nikaenda kumsaidia kupandisha!

Mama mkwe wake, Ruti, alijaribu kumwombea. Alimwambia mumewe aendeshe jioni, kuna ubaya gani? Jibu lake lilizunguka kijiji kizima: "Mila zisipofuatwa kwangu, zitafuatwa wapi? Ashuke."

"Fundi, wateja wameanza kunikimbia," Gwalugano aliniambia siku moja akikamua kanga yake. "Wanasema samaki wangu wamelegea. Wiki nyingine kama hii, nitarudi kwetu Ileje na watoto. Nitafanyaje tena?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haiuzi samaki.

Wageni walikuja Jumamosi asubuhi, vijana wa Mbeya na Vwawa, kofia ngumu kichwani, miwani kama ya wachomelea vyuma. Andongwisye aliwatoa gulioni kuelekea mtoni, yeye mbele. Hakuwa na subira ya kwenda nao. Aliwaacha mbali wamesimama kupiga picha ndege korongo waliotua majarubani, akaja mwenyewe anafyatuka kuelekea kwenye geti.

Hapo kwenye geti tuta linakatika, panabaki daraja la zege, jembamba, halina kingo. Gwalugano alikuwa tayari katikati yake na tenga limejaa. Kengele ikalia. Pa kushukia hapakuwapo. Kulia maji, kushoto maji. Akafanya yote ambayo mila inamtaka: akasimama, akageuka, akajifunika kanga. Baiskeli yake ikalijaza daraja lote.

Andongwisye hakuwa amewahi kuwaza kwamba njia inaweza isifunguke. Akabana breki. Alikuwa amevaa vile viatu vyenye chuma kinachong'ata pedeli, akavuta mguu, mguu ukagoma. Akalala ubavu polepole kama gunia lililopangwa vibaya, akaingia mferejini yeye na pembe zake za kondoo.

Maji ya pale hayaui. Yanafika kifuani. Ila tope lake likikushika halina haraka ya kukuachia, na mguu mmoja ulikuwa bado umeng'atwa. Nilishuka nikauvuta mkono wake hadi mgongo wangu ukalia. Hakutoka. Ilikuwa kazi ya watu wawili.

"Mwite huyo," akasema.

"Huyo nani, mzee?"

"Mkwe wangu! Anishike huu mkono mwingine!"

Nikageuka. "Mama, umesikia?"

"Fundi," akajibu kutoka ndani ya kanga, mgongo vilevile, "mimi sauti ya mkwe siisikii. Mwambie mila zisipofuatwa kwake, zitafuatwa wapi?"

Nikaufikisha ujumbe neno kwa neno, ingawa kati yao palikuwa hatua tatu tu. Sijawahi kuifurahia kazi kama ile.

"Mila ina dharura!" mzee akafoka.

"Mwambie jana alipokuwa mkavu haikuwa nayo."

Nikamkumbusha Andongwisye jambo analolijua. Wazee wao waliacha mlango: baba mkwe anaweza kuuondoa mwiko kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya shahidi, kisha akatoa kuku. Nilimwambia shahidi yupo. Ruba mmoja akampanda shingoni taratibu. Kule tutani wageni walikuwa wamemaliza korongo wao na wanakuja, na naamini ni wale waliomshinda. Alitaka atoke kabla hawajafika.

"Mimi Andongwisye," akapayuka, "namwondolea Gwalugano mwiko! Anione, aseme nami, anishike!"

Alipayuka hasa. Wageni walisikia kila neno, wakafika wakiwa na simu mkononi.

Gwalugano aliikalisha baiskeli yake vizuri kwanza, asimwage samaki. Akashuka, akamshika kifundo cha mkono kwa kiganja kinachobeba tenga kila siku, tukavuta. Akatoka na kiatu kimoja. Wakasimama darajani uso kwa uso, mara ya kwanza tangu harusi. Mzee akajinyoosha, akajipangusa tope, akasubiri pole. Nami nilidhani atapewa, maana yule binti amelelewa.

Gwalugano akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nipishe. Samaki wanaoza."

Daraja halikuwa na nafasi ya watu wawili na tenga. Andongwisye akamtazama, akanitazama mimi, mimi nikatazama maji. Akaanza kurudi kinyumenyume, mguu mmoja peku, na nyuma yake wageni nao wakarudisha baiskeli zao mmoja mmoja, hadi mwanamke akapita.