Mawaridi ya Chumba cha Nyuma

Chumba cha nyuma cha msusi kilikuwa na mwanga wa zambarau mchana kutwa. Humo, chini ya taa za LED za kukuzia mimea, zilizowashwa kwa sola, aliotesha mawaridi ndani ya makopo ya maziwa, maana nje mbuzi hawakubakiza jani. Gentille, jirani yake, alipenda kumtazama: hagusi ua kabla ya kunawa mafuta ya nywele kwa sabuni, kisha anabonyeza udongo kwa kidole gumba, anageuza jani baada ya jani akitafuta wadudu, huku akiyaongelesha mawaridi kwa sauti ileile ya kumtuliza mteja anayelia akisukwa.

Alasiri moja risasi zililia upande wa barabara iendayo mji wa Djugu. Gentille akaingia mbio, mtoto mgongoni, sufuria mikononi.

“Yaya, dada yangu, watu wote wanakimbia!”

“Niko nakuja,” alisema msusi, bila kupandisha sauti. Akakata kijiti cha kupanda katika kila shina, akavifunga kwa vitambaa vilivyolowa, mafungu mawili. “Weye shika hii. Kama tunapoteana mu njia, moja wetu ataotesha tena maua.”

Gentille akaiweka sufuria chini, akalipokea fungu lake.