Dereva wa Majeneza na Gari Jekundu

Wewe ukifa, utakubali gari linalokupeleka makaburini lizime njiani? Mjomba wangu aliendesha gari la maiti la hospitali yetu tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu juzijuzi, na halikumzimikia hata mara moja. Alilikagua kila asubuhi kama mama anavyomkagua mtoto masikio. "Abiria wangu," alikuwa akisema, "hawezi kushuka kusukuma."

Baada ya kustaafu akatutangazia jikoni kwamba anataka gari la spoti. La milango miwili, jekundu, lililotumika lakini bado lina heshima zake. Mkewe aliacha kumenya viazi.

"Baba watoto, magoti yenyewe yanalia ukipanda kitandani. Kwenye kisahani kile utaingiaje?"

"Nitatanguliza makalio. Miguu itafuata."

"Na majirani watasemaje?"

"Majirani wengi nimeshawabeba, na hakuna aliyelalamika."

Damu ilinichemka. Nikasimama nikasema, na bado nasema, kwamba jamii inayomtaka mstaafu akae barazani kungoja siku yake ni jamii inayozika watu wazima wazima. Mtu ana haki ya furaha hata akiwa na mvi!

"Kaa chini, msomi," mke wa mjomba akanijibu. "Viazi havijaisha."

Tulikwenda yadi ya magari, mimi na mjomba. Yalikuwepo mawili, jekundu na jekundu, ya kiwanda kimoja, yamepishana mwaka mmoja tu. Wiki nzima nilikuwa nimesoma mtandaoni vilio vya watu waliowahi kuyamiliki, kwa hiyo nilijua kila moja linaumwa nini. Lile la mwaka wa nyuma injini yake ni jiwe, lakini gia ya pili huvunjika mikononi mwa mtu wa pupa. Mwaka uliofuata kiwanda kikaitengeneza ile gia ikawa imara kabisa, kisha, kwa kutafuta urembo, kikalibana gari pua, pale unapoingilia upepo wa kupoza injini. Likikimbia, linapata upepo wa kutosha. Likienda polepole, linachemsha.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Lipi halitaniacha njiani? Mji huu wote nimeuzikia watu wake. Sitaki wanione nasukumwa."

Muuza magari, mwenye miwani ya jua hata kivulini, akamwinamia. "Mzee wangu, inategemea mwendo wako. Wewe ni mtu wa mbio au mtu wa pole?"

Mjomba akanigeukia. Nilimjibia kwa kifua chote: "Wa mbio! Maisha yake yote amekwenda polepole kwa ajili ya wengine. Kuanzia sasa anakwenda kwa ajili yake mwenyewe!"

Muuza magari nusura apige makofi. Mjomba alijifuta jicho.

"Umemsikia msomi wetu," akasema. "Nipe hilo lenye gia imara."

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya soko ili nimshangilie akipita. Gari likaibuka kwenye kona, taa zimewashwa juani, likienda kwa mwendo wa mtu aliyejitwisha ndoo ya maji. Mjomba alikuwa ndani, mgongo umenyooka, mikono miwili kwenye usukani, na uso ule ule wa kazini. Nyuma yake kulikuwa na msururu wa magari usioonekana mwisho. Wote walimjua. Hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyethubutu kumpita, na mmoja baada ya mwingine walikuwa wamewasha taa zao.

"Kanyaga, mjomba!" nilipiga kelele.

"Si nimekanyaga!"

Mvuke ukaanza kumfukia kiooni. Gari likakohoa, likazima katikati ya barabara. Muuza magazeti akavua kofia. Mjomba alifungua mlango, akajaribu kutoka, magoti yakamkatalia, akaufunga tena. Ndipo wanaume wakashuka kwenye magari ya nyuma, bila kuambiwa na mtu, wakajipanga nusu kushoto nusu kulia, wakainamisha vichwa, na kuanza kulisukuma taratibu kwa hatua moja.