Neno Ambalo Magidu Hakulifuta

Desemba ya mwaka 1970, Magidu alirudi Kasese, magharibi mwa Uganda, kutoka pwani ya Kenya na habari ambayo hakuna aliyeitaka. Alikuwa amepeleka kahawa Mombasa kwa lori, kisha akapanda kaskazini ya Malindi kutafuta mzigo wa kurudi nao, springi ya lori ikamkatikia karibu na kijiji cha Ngomeni. Ilikuwa siku ya sherehe za uhuru wa Kenya. Akiwa anamngoja fundi, jua likiwa limepita utosini, aliona roketi ikiruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama ndani ya bahari. Aliuona moto kwanza, halafu ngurumo ikamgonga kifuani. Mtu mmoja aliyekuwa akichomelea vyuma pale kwa Waitalia waliojenga jukwaa lile akamwambia kwamba roketi ile imebeba chombo cha Amerika cha kuchunguza nyota, na kwamba chombo chenyewe kimepewa jina la siku ile: Uhuru.

Kasese walimcheka. Wazungu warushe chombo angani, halafu wakipe jina la Kiswahili? Kaka yake Isa, ambaye walilinunua naye lori, alimwomba aseme tu kwamba alikuwa akitania, maana wateja hawampi mzigo mtu mwongo. Magidu alikuwa mpole kupita kiasi. Kwenye bei alishindwa na kila mtu, hata mkewe Ramula alikuwa akimtania kwa hilo. Lakini safari hii hakurudi nyuma. Kadiri walivyocheka, ndivyo alivyozidi kusimulia.

Wa kwanza kumsikiliza alikuwa Laurentine, mama wa Kikongo aliyefanya biashara Bwera, mji wa mpakani. Kwao Butembo alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, hadi vita vya 1964 vilipomvusha mpaka na watoto mgongoni. Sasa aliuza maharage na mawese, na mizigo yake ilikwenda na lori la Magidu. Alikuwa na redio, na habari ile alishaisikia kwa Kifaransa. Akamweleza kwamba ziko nyota zinazotoa mwanga usioonekana kwa macho, mwanga wa aina ileile ya mashine ya eksirei iliyompiga Magidu picha siku alipovunjika mguu. Hewa inauzuia mwanga huo usifike chini, ndiyo maana chombo kimepelekwa juu, kupita hewa yote. Tena kinaizunguka dunia kwa kufuata ikweta.

"Ikweta si inapita hapa kwetu?" Magidu akauliza. "Ukienda Mbarara unaivuka."

"Ndiyo, baba. Ile masini inapita yulu yetu kila siku, mara mingi. Tu haione na macho kama yetu."

Wiki haikuisha, Magidu akamwita mchora mabango. Juu ya kioo cha mbele cha lori akaandikiwa kwa rangi ya njano: UHURU INAONA NYOTA.

Mwezi uliofuata, serikali ilipopinduliwa na wanajeshi, maandishi yale yalikuwa bado yanang'aa, na kwa muda hakuna aliyeyajali. Laurentine alikusanya habari redioni, Magidu akazisambaza. Wakulima wa Kyondo, wakipakia kahawa, walisikia kwamba chombo kimeelekezwa kwenye nyota moja kubwa inayozungukana na kitu kisichoonekana, kitu kinachoinyonya nyota ile hewa yake ya moto, na wataalamu wanadhani ni shimo jeusi ambalo hata mwanga hautoki. Baadhi waliondoka wakitikisa vichwa. Wengine walimwambia aendelee.

Mwishoni mwa 1972, baada ya mapigano ya mpaka wa Tanzania, vizuizi vikajaa barabarani. Pale Bwera afisa mmoja alilisimamisha lori, akayasoma maandishi kwa sauti, akamwamuru Magidu ashuke.

"Uhuru gani hii? Inaona nani?"

"Inaona nyota, afande. Iko juu."

"Ya nani?"

"Ya Amerika. Ilirushiwa Kenya, niliona na macho yangu."

Kwa afisa lilikuwa jibu baya kuliko yote. Kitu cha Amerika, kimetokea Kenya, kinapita juu ya Uganda kikitazama. Akamtupia kisu, akasema, "Futa."

Magidu alikiokota kisu, akakiweka juu ya boneti.

"Sifuti, afande. Hakuna ubaya imeandikwa hapa."

Walimchukua yeye na lori. Kambini walimpiga hadi meno ya mbele yakatoka, na kila walipopumzika walimwuliza kama chombo kipo, naye akajibu kipo. Isa alikwenda kumwombea aachiwe, akarudi na sharti: siku ya soko, Magidu asimame mbele ya watu wa Bwera, aseme kwamba Uhuru ni uongo aliotunga mwenyewe. Akifanya hivyo, atarudishiwa lori.

Isa alimsihi kwa machozi. Maneno ni upepo, alisema, lori ni chakula cha familia mbili. Ramula naye alikuwa amepeleka chakula. Akamwambia mumewe, "Hiyo lori utaiona kila asubuhi. Sema yenye utaweza kuishi nayo."

Siku ya soko wakampandisha juu ya kreti. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yakatoka mazito, lakini kila mtu aliyasikia.

"Wameniambia niseme ni uongo. Niliiona ikiruka. Iko juu inatazama nyota, na ninyi wote inapita juu yenu, mkipenda msipende."

Askari mmoja alimvuta chini kwa shati. Hapo Laurentine akasimama nyuma ya magunia yake, mgeni asiye na kibali hata cha kuuza pale.

"Na mimi nilisikia kwa redio," akasema. "Muniandike na mimi."

Mayimuna wa vitunguu, aliyekuwa amemcheka Magidu kuliko wote, naye akasimama. Alisema kwamba yeye hajui mambo ya nyota, ila huyu mtu anamjua, na si mwongo. Wakasimama wengine, bila kelele, bila kusogea. Afisa aliwatazama. Akaamua kwamba hawezi kulikamata soko zima, akamwacha Magidu pale chini, akaondoka na lori.

Lori halikurudi. Lilionekana likibeba askari, jina limezibwa kwa rangi ya kijani. Isa aliacha kusema na mdogo wake. Magidu na Ramula walihamia Bwera, na miaka iliyofuata aliwabebea wafanyabiashara ndizi na mihogo kwa baiskeli, akisimulia bila meno.

Laurentine aliposikia kwamba chombo kimenyamaza, aliogopa kumwambia. Magidu alipojua, aliuliza tu kimeona nini kabla ya kuzimika. Nyota mamia, akajibiwa, nyingi hazikuwahi kujulikana na mtu.

"Basi hakuna aliyekifumba macho," akasema, akaendelea kufunga mzigo.

Mwaka 1979, wanajeshi wale waliotawala walipokimbia, Isa alikuja Bwera. Alikuwa amepata lori bovu la kukarabati, na hakumwamini dereva yeyote ila mdogo wake. Magidu alimsikiliza hadi mwisho. Alikubali, kwa sharti kwamba Isa asimwombe tena akane kitu alichokiona. Isa aliinamisha kichwa, akasema amekubali. Mzigo wao wa kwanza ulikuwa kahawa ya wakulima wa Bugoye.